Bei ilipanda pauni 6, makato yakapanda pauni 204: kisa cha bili ya gesi

Usuli

Katika majira ya kuchipua ya 2025, familia moja ya Waswahili wanaoishi England ilipata barua mbili zilizofuatana kwa siku chache. Ya kwanza ilisema bei ya gesi ingepanda kuanzia tarehe 1 Aprili. Ya pili ilisema makato ya benki ya kila mwezi yangepanda kutoka £70 hadi £274. Nyumbani kila mtu alizisoma kama barua moja, na mambo yakaharibikia hapo.

Familia ina watu watano. Mama, nitakayemwita Bi. M., anahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo. Mumewe ni dereva wa zamu za usiku. Watoto ni watatu, na mkubwa wao yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Walihamia kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu tarehe 1 Oktoba 2024. Gesi inaendesha boila, ambayo inapasha nyumba joto na kuchemsha maji ya kuoga, pamoja na jiko. Umeme wanauchukua kwa kampuni nyingine, kwa hiyo kisa hiki ni cha gesi peke yake.

Mimi hujitolea kusaidia watu kusoma bili kwenye kituo cha jamii. Kampuni ya gesi siitaji. Tarakimu za mita nimezibadilisha, na viwango nilivyotumia ni vya wastani wa nchi, kwa kuwa kiwango cha eneo lao kingeonyesha wanakoishi. Uwiano wa hesabu haujaguswa.

Kwanza utaratibu wenyewe, maana bila huo kisa hakieleweki. England, Scotland na Wales zina kikomo cha bei ya gesi na umeme wa majumbani kilichoanza tarehe 1 Januari 2019, kwa sheria iliyopitishwa 2018. Anayekipanga ni Ofgem, mdhibiti wa sekta hiyo. (Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake.) Mwanzoni kilibadilishwa kila miezi sita. Tangu Oktoba 2022 kinabadilishwa kila miezi mitatu: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kinamlinda aliye kwenye mpango wa kawaida wa bei inayobadilika. Aliyesaini mkataba wa bei isiyobadilika anafuata mkataba wake.

Kikomo hicho kinazuia vitu viwili tu: bei ya kila kilowati-saa, yaani kWh, na tozo ya kila siku inayolipwa hata usipowasha chochote. Hakizuii jumla ya bili. Ile £1,849 iliyotangazwa na kila redio kwa Aprili 2025 ilikuwa gharama ya mwaka ya nyumba ya kufikirika inayotumia kWh 11,500 za gesi na 2,700 za umeme na kulipa kwa makato ya benki. Ukitumia zaidi, utalipa zaidi, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Viwango vya gesi vilivyoihusu familia hii, kodi ya VAT ya asilimia 5 ikiwa ndani, vilikuwa hivi: Oktoba hadi Desemba 2024, peni 6.24 kwa kWh na tozo ya peni 31.66 kwa siku. Januari hadi Machi 2025, peni 6.34 na 31.65, kuanzia Aprili 2025, peni 6.99 na 32.67.

Yaliyotokea

Walipohamia, kampuni iliyokuwa ikihudumia nyumba iliendelea nao. Ilikadiria matumizi yao na kupanga makato ya £70 kwa mwezi. Bili za majira yote ya baridi zilikuwa na herufi E pembeni ya tarakimu za mita, alama kwamba hakuna aliyesoma mita na kampuni imekisia. Bi. M. aliziona bili ni ndogo, akashukuru, akaendelea na shughuli zake.

Mwishoni mwa Machi barua ya kupanda kwa bei ilimshauri apeleke usomaji wa mita kabla ya tarehe 1, ili kampuni isije ikahesabu gesi ya Machi kwa bei ya Aprili. Ushauri mzuri. Kijana wake akashuka kwenye kabati lililo chini ya ngazi, akasoma 01112, akatuma. Siku ya kuhamia mita ilikuwa 00412.

Siku chache baadaye bili mpya ikaja. Ilisema kwamba kwa miezi sita wametumia kWh 22,060, zenye thamani ya £1,446.77. Walikuwa wameshalipa £420. Deni: £1,026.77. Kampuni ikagawa deni hilo kwa miezi 12, ikajumlisha na makadirio mapya ya matumizi ya mwaka, ikafika £274 kwa mwezi kuanzia Mei.

Ndugu na marafiki walikuwa na maelezo tayari. Wengi wao walikuwepo 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kikomo kilipofika £3,549 mwezi Oktoba na serikali ikalazimika kuingilia kati ili nyumba ya kawaida ilipe kama £2,500. Kwao bili kuruka ghafla ni jambo la kawaida, na sababu yake inajulikana. Shemeji mmoja alimwambia Bi. M. kosa lake ni kutuma namba za mita. Angenyamaza, wangeendelea kumkata £70.

Akapiga simu akilalamika kwamba bei imepanda mara nne. Mhudumu alimjibu kwa adabu na kwa usahihi: bei inapangwa kwa kikomo cha Ofgem, imepanda kote nchini, na kama makato ni mazito upo mpango wa kulipa deni kwa muda mrefu zaidi. Akamwonyesha na mkataba wa bei isiyobadilika. Kila alichosema kilikuwa kweli, na hakuna kilichogusa tatizo.

Kijana naye alikuwa amefanya hesabu yake. Alilinganisha bei iliyochapwa kwenye bili, peni 6.038, na ile ya kwenye barua, peni 6.99, akapata ongezeko la karibu asilimia 16, huku habari zikisema asilimia 6.4. Akahitimisha kwamba kampuni inawaibia. Kumbe bili iliandika bei kabla ya VAT na kuiongeza kodi chini kabisa, na barua iliandika bei yenye VAT ndani. Ukiziweka sawa, gesi ilipanda kutoka peni 6.34 hadi 6.99, kama asilimia 10. Ile asilimia 6.4 ni ya gesi na umeme kwa pamoja, na mwezi huo tozo ya siku ya umeme ilishuka kutoka kama peni 61 hadi 54, ndiyo maana jumla ikaonekana ndogo.

Walipokuja kituoni, Bi. M. alikaa akaweka bahasha mezani. “Gesi imepanda mara nne, mdogo wangu,” akasema. “Sasa tuwashe mshumaa?”

Maamuzi na sababu zake

*Kuanza na kiasi, bei ije baadaye.* Bili ya gesi ni kiasi ukizidisha kwa bei, kisha ujumlishe tozo ya siku. Bei ilikuwa imeandikwa na inalingana na kikomo. Nikamwomba tuiache kwanza.

“Dada, hii kilowati-saa 22,060 ni ya miezi sita. Nyumba ya kawaida inatumia 11,500 kwa mwaka mzima.”

“Lakini sisi ni watano, na kulikuwa na baridi.”

Ni hoja nzuri, na ndiyo maana sikutaka kusema “haiwezekani”. Inawezekana. Boila ya kilowati 24 ingebidi iwake kwa nguvu zote kama saa 5 kila siku kwa siku 182. Ziko nyumba zinazovuja joto zinazofika huko. Ila mama na baba hawapo mchana, watoto wako shule, na kijana alisema radieta za vyumba viwili huwa wanazifunga. Idadi hiyo ilistahili kuulizwa maswali.

*Kuitazama mita yenyewe.* Nilimwomba kijana apige picha ya uso wa mita, pembe zote zionekane. Jioni hiyo akaituma. Tarakimu tano nyeusi, nukta, tarakimu tatu nyekundu, na pembeni kwa herufi ndogo: m³. Mita ya mita za ujazo, na bado mpya.

Tukarudi kwenye ukurasa wa pili wa bili, ule ambao hakuna anayeusoma, kwenye mstari unaoeleza jinsi tarakimu za mita zinavyogeuzwa kuwa kilowati-saa. Ulisema mita yao ni ya mfumo wa zamani, inayohesabu mamia ya futi za ujazo, na kwa hiyo tofauti ya usomaji imezidishwa kwa 2.83 ili kupata mita za ujazo.

Yaani kampuni ilizigeuza tarakimu ambazo tayari zilikuwa mita za ujazo. Mita ya zamani ilikuwa imebadilishwa kabla hawajahamia. Namba ya utambulisho ya mita mpya iliingizwa kwenye kumbukumbu, lakini aina ya kipimo ikabaki ya zamani.

*Kufanya hesabu upya kwa maandishi.* Tofauti kati ya 01112 na 00412 ni mita za ujazo 700. Unazidisha kwa 1.02264, ambayo ni marekebisho ya joto na mgandamizo. Kisha kwa nguvu ya joto ya gesi iliyoandikwa kwenye bili, kwao ilikuwa 39.2, kisha unagawa kwa 3.6 kupata kilowati-saa. Jibu ni 7,795. Zidisha hizo kwa 2.83 na utapata 22,060 za kampuni. Hapo hapakubaki ubishi.

Kijana alikuwa amesoma mita mwishoni mwa Desemba pia, kwa udadisi wake tu, na picha ipo kwenye simu: 00712. Kwa hiyo tuliweza kugawa matumizi kwa vipindi viwili vya bei. Kilowati-saa za mita za ujazo 300 kwa peni 6.24, za mita za ujazo 400 kwa peni 6.34, pamoja na tozo za siku: jumla £548.48. Deni halisi lilikuwa £128.48, na lenyewe lilitokana na makadirio ya chini ya kampuni wakati wa baridi.

*Kutositisha makato ya benki.* Mume alitaka kwenda benki kuyafuta siku hiyo hiyo. Tulishauriana asifanye hivyo. Anayelipa baada ya kupokea bili hupangiwa kikomo cha juu kuliko anayelipa kwa makato ya benki, na malipo yaliyokosekana yangeigeuza kesi ya “mita imeandikwa vibaya” kuwa kesi ya “mteja hajalipa”. Badala yake waliomba kwa maandishi makato yabaki £90 hadi suala liishe.

*Kutohama kampuni kwanza.* Kijana aliona mkataba wa bei isiyobadilika kwingine uliokuwa nafuu kidogo. Kwa mwenye mita ya kulipia baadaye, kampuni inaweza kuzuia uhamaji kukiwa na deni la zaidi ya siku 28. Jambo zito zaidi ni kwamba kumbukumbu ya mita hufuata nyumba: kampuni mpya ingerithi kipimo kile kile kibaya, na wangeanza upya wakiwa na kampuni mbili za kugombana nazo.

*Kuliita jambo kwa jina lake.* Barua pepe ilianza kwa kusema wazi kwamba hayo ni malalamiko rasmi. Kuanzia siku hiyo kampuni ilikuwa na wiki nane za kulitatua. Zikipita bila suluhu, au kampuni ikiandika kwamba haina la kuongeza juu ya malalamiko hayo, mteja anaweza kwenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa migogoro ya nishati, bila kulipa chochote. Barua haikuitaja bei hata mara moja. Ilikuwa na picha tatu za mita, nakala ya ule ukurasa wa pili, na hesabu ya mistari sita.

Matokeo

Jibu la kwanza lilikuwa barua ya kawaida inayoeleza kikomo cha bei. Kwa maoni yangu aliyeiandika hakufungua picha. Bi. M. alijibu kwa sentensi moja akiuliza: mita yangu inapima mita za ujazo au futi za ujazo? Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa barua iliyotayarishwa.

Mei ilipofika, kampuni ilikata £274 licha ya ombi la maandishi. Mwezi huo kodi ya nyumba ilichelewa siku nne, na Bi. M. alichukua zamu mbili za ziada za wikendi kuziba pengo. Katika masimulizi ya bili jambo kama hili huishia kuwa mstari mmoja, lakini kwake ndilo lililouma kuliko deni lenyewe.

Wiki ya tano tangu malalamiko, kampuni ilirekebisha aina ya mita, ikafuta bili ya miezi sita na kutoa mpya inayolingana na hesabu yetu. Kwa kuwa makato ya Aprili (£70) na Mei (£274) yalishaingia, deni lote lililipika, na baada ya kutoa gesi ya miezi hiyo miwili akaunti ikabaki na ziada ya kama £125. Makato mapya yakapangwa £75 kwa mwezi, kwa matumizi ya kWh 10,900 hivi kwa mwaka.

Nilipendekeza ziada ibaki kwa ajili ya baridi ijayo. Bi. M. akataka £100 zirudishwe, kodi ya nyumba haisubiri baridi. Zilirudi ndani ya wiki mbili, na nadhani alikuwa sahihi.

Julai kikomo kilishuka, gesi ikawa peni 6.33 na tozo peni 29.82. Habari zilisema punguzo la asilimia 7. Makato yao hayakushuka hata peni moja, na safari hii hawakupiga simu: walishaelewa kwamba makato ni makadirio ya mwaka mzima, na punguzo litaonekana kwenye salio.

Uchambuzi

Makato yaliongezeka £204 kwa mwezi. Mabadiliko ya bei ya Aprili, kwa matumizi halisi ya nyumba hii, yanafika kama £75 kwa mwaka, yaani £6 na kitu kwa mwezi. Sehemu nyingine ndogo ilikuwa deni la makadirio. Iliyobaki, karibu yote, ilikuwa alama moja isiyo sahihi kwenye kumbukumbu za mita. Lakini kwa sababu bei ilipanda wiki hiyo hiyo, kila mtu, kuanzia shemeji hadi mhudumu wa simu, alikuwa na jibu kabla ya swali. Naona kisa cha namna hii mara nyingi Aprili na Oktoba kuliko miezi mingine. Sidhani makosa huongezeka miezi hiyo. Ni kwamba yanapata pa kujificha.

Simu ya kwanza ilishindwa kwa jinsi ilivyoanza. Ukimwambia mhudumu “bei imepanda mno”, anafungua maelezo ya bei. Ukimwambia “mmeandika kilowati-saa 22,060, nieleze zimepatikanaje”, analazimika kufungua kumbukumbu ya mita. Sikusudii kumlaumu mteja hapa. Mfumo uliochapa kWh 22,060 kwa nyumba ambayo ilikuwa ikikadiriwa kiasi kidogo kuliko nusu ya hapo ulipaswa kusimama wenyewe na kuuliza. Haukusimama, ulipanga makato mapya na kutuma barua.

Kilichosaidia kuliko vyote ni picha. Ile ya siku ya kuhamia ilipigwa kwa ajili ya mwenye nyumba, ile ya Desemba ilikuwa udadisi wa kijana, na bado ndizo zilizofunga mjadala. Bila ile ya Desemba kampuni ingegawa matumizi kati ya vipindi viwili vya bei kwa makisio yake. Tofauti ingekuwa ya senti tu safari hii, kwa kuwa 6.24 na 6.34 ziko karibu. Mwaka ambao bei inaruka ingekuwa pesa ya maana.

Ushauri wa shemeji unastahili jibu, kwa sababu nausikia kila wiki. Asingetuma namba, kosa lingebaki pale pale huku makadirio yakiendelea kuwa madogo, na siku mtu wa kampuni angekuja kusoma mita, tofauti yote ingezidishwa kwa 2.83 kwa mkupuo. Upo ulinzi mmoja: tangu 2018 kampuni hairuhusiwi kumdai mteja wa nyumbani gesi aliyotumia zaidi ya miezi 12 iliyopita ikiwa yenyewe ndiyo haikumtoza ipasavyo. Lakini kinga hiyo hudhoofika ikiwa mteja ndiye aliyezuia mita isisomwe. Inawafaa hasa watu wenye kosa la upande wa pili, yaani mita ya futi iliyoandikwa kama ya mita za ujazo, ambao hulipia theluthi ya gesi yao kwa miaka bila kujua.

Ombi la kubakiza makato £90 lilishindwa, na sababu ni kwamba lilizikwa katikati ya barua ya malalamiko. Aliyeshughulikia mita hakuwa na mamlaka juu ya malipo. Lingepelekwa peke yake, kwa simu ya idara ya malipo, kabla ya tarehe ya kukatwa, pengine £274 isingetoka. Na baada ya kutoka, fidia ya usumbufu ingeweza kuombwa. Bi. M. alichoka, hakuiomba, na kampuni haikuitaja.

Kuna jambo moja halijaisha. Mwenye nyumba anasema mita za nyumba kadhaa za mtaa ule zilibadilishwa na mafundi wale wale kipindi kile kile. Bi. M. aliiuliza kampuni kama kumbukumbu za majirani zimekaguliwa. Ikajibu kwamba haiwezi kuzungumzia akaunti za wateja wengine. Kwa hiyo kijana amekuwa akiwagongea majirani mwenyewe, akiwaomba watoe ukurasa wa pili wa bili na kwenda kuangalia kama mita imeandikwa m³ au ft³. Hadi tunaandika haya, mmoja ameshatuma malalamiko.